Njano ya Karakana

Jumatatu, 1 Agosti 1994
Kamati ya kukusanya mali za karakana ya ushirika inakuja Jumamosi. Karakana ilifungwa mwaka jana. Nilikuwa seremala wake. Siku ya mwisho niliondoka na kasha la zana: randa, misumeno, patasi, keekee. Chuma cha Mwingereza. Vya madukani siku hizi vinapinda ukivitazama. Nilizichukua ili nizitunze. Zikiondoka, karakana niliyopanga kufungua barabara ya Mtinko imekufa kabla haijazaliwa. Tatizo ni moja: zote zimepakwa njano, alama ya ushirika. Njano ikitoka, nani atajua? Nimenunua msasa.

Jirani yangu Alute, fundi mwenzangu wa ushirika, naye alibeba za kwake. Kaziacha zilivyo, njano na kutu, zinaning'inia ukutani kila mpita njia azione. Mtu asiye na mpango.

Jumanne, 2 Agosti
Msasa umekwisha, rangi ipo. Ushirika ulipaka tabaka juu ya tabaka. Vidole vimechubuka. Alute alichungulia uani, akauliza nasugua zana au nasugua dhambi. Nikamwambia natoa kutu. Akasema kutu ya njano hajapata kuiona, labda imeletwa kutoka Kiomboi.

Jumatano, 3 Agosti
Magadi. Kwa nini sikuwaza mapema? Nimechemsha magadi na majivu kwenye sufuria kubwa ya mke wangu, nikatumbukiza zana. Rangi ikanyanyuka kama utando wa maziwa. Cecilia akarudi kutoka sokoni, akauliza hiyo mboga gani. Nikamwambia avumilie, ni jambo la muda. Akasema hata ndoa hii anaiona ni ya muda. Akaninyima maji yake ya bomba. Nikaenda kusuuza zana ziwani Singidani. Maji ni maji.

Alhamisi, 4 Agosti
Maji si maji. Yale yana chumvi. Nilizianika jana, leo zimeamka nyekundu kama udongo wa barabarani. Kutwa nzima ukwaju, brashi ya waya, mafuta ya taa. Jioni zinang'aa. Nimejiona kwenye bapa la randa. Uso wa mwenye karakana.

Ijumaa, 5 Agosti
Mzee Mughwai, mwenyekiti wa kamati, amepita nyumba kwa nyumba. Nikampa shikamoo ya kuinama. Akasema kamati imebadili uamuzi, haikusanyi tena. Fundi aliyetunza zana za ushirika ataandikiwa ziwe zake. Ziwe tu na njano yake. Zisizo na rangi hazijulikani zilikotoka, zitashikiliwa mpaka mwenyewe apatikane.

Kisha nikaenda dukani. Kopo la njano lilikuwa limebaki moja.

Jumamosi, 6 Agosti
Mzee Mughwai alikuja na kaunda suti ya rangi ya maziwa. Akainua randa. Alipotaka kuiweka chini, randa haikutaka kumwachia. Akauliza, kwa upole, imekuwaje karakana ifungwe mwaka mzima na rangi yake iwe haijakauka. Nikamwambia ni umande. Alute, ambaye zake zilikuwa zimeshaandikwa pamoja na kutu yake, akasema kweli, mwaka huu umande wa Singida umeanguka wa njano.

Mzee akajifuta kiganja kwenye suruali, akaitazama suruali, akaamua: kasha langu likae kwa Alute mpaka mwenyewe apatikane. Nikasema mwenyewe ni mimi. Akaniuliza nina alama gani.

Cecilia alikuwa anasugua sufuria.

Jumanne, 9 Agosti
Alute ameniajiri. Amefungua karakana barabara ya Mtinko, na kazi yangu ya kwanza ni kutoa kutu kwenye zana zake. Wateja amewaambia naitwa Bwana Magadi. Sijali. Nimeyapima yote kwa utulivu na kosa nimeliona: rangi haikupewa muda wa kukauka. Hilo tu.

Leo amepaka zana zote, zake na zangu, alama ya bluu. Nimeikwaruza kwa ukucha. Tabaka moja, jepesi.

Magadi yamebaki nusu gunia.