Taa ya Njano Kwenye Gari la Yesenia

Jumatatu, 3 Juni
Nina mke! Bado naamka nikishangaa. Yesenia anakaanga mayai huku akiimba, nami namtazama tu kama zuzu.

Taa ya njano ya injini imewaka garini mwake. Gari lisipopita kipimo cha moshi wiki ijayo, hatupewi kibali cha barabarani, na fungate yetu ya ufukweni Pismo imekufa. Nikamwambia asijali, ana mume. Akanibusu. Sijui chochote kuhusu magari.

Jumanne, 4 Juni
Kaka yake, Efraín, ana gereji. Akasema ni mvuke wa petroli unavuja kwenye katundu fulani, nimpelekee gari aupulizie mfumo wa mafuta moshi, tuone unatokea wapi. Kisha mbele ya wateja akaniuliza kama bwana harusi anajua boneti inafungukia upande gani. Wakacheka. Simpelekei ng'o!

Nimenunua kifuniko kipya cha tangi la petroli, labda mvuke unavujia hapo. Taa inawaka vilevile.

Jumatano, 5 Juni
Nimechomoa betri, nikanywa kahawa, nikairudisha. Taa imezimika! Yesenia ananiita fundi wake. Mpenzi wangu! Niliona haya kidogo, lakini busu nilipokea.

Alhamisi, 6 Juni
Kituo cha kupimia. Mama wa pale akachomeka mashine, akauliza kwa sauti nani kachomoa betri. Nikasema labda ilijichomoa. Akasema kompyuta ya gari imesahau kila kitu, haipimiki, na wanaume wa betri anawaona kila siku. Foleni nzima ilisikia. Yesenia alinikatia mkate wake, akanipa kipande kikubwa. Heri angenitukana!

Ijumaa, 7 Juni
Gerejini. Efraín akapuliza moshi, Yesenia akashika tochi. Ukafuka chini ya gari, nyuma: mpira mwembamba wa mvuke umepasuka, umekabwa na kamba. Kamba ya makopo ya harusi! Siku ya harusi Efraín alikuwa ametufungia makopo manne matupu kwenye bampa, yapige kelele barabarani. Nikaona machache. Nikaongeza yangu kwa siri, popote kamba iliposhika, ili mji wote usikie kwamba Yesenia ni wangu.

Efraín akauliza, shemeji, ulikuwa unafunga makopo au unamnyonga ng'ombe? Yesenia alicheka hadi tochi ikaanguka. Natamani ardhi inimeze. Lakini anacheka vizuri jamani!

Ijumaa, 14 Juni
Mpira mpya. Tumeliendesha wiki nzima, kompyuta imerudiwa na akili, gari limepita! Nimemwapia Yesenia: kuanzia leo, nisichokijua nitauliza.

Jumamosi, 15 Juni
Pismo! Chumba kinatazama bahari. Bomba la bafuni lilikuwa likidondosha tone moja moja. Yesenia akanyanyua simu awaite watu wa hoteli. Nikamwambia aiweke chini, ana mume.

Naandika haya nikiwa juu ya kitanda. Zulia limeanza kuelea. Yesenia amekunja miguu pembeni yangu, viatu mkononi. Ni mzuri kupita kiasi! Mlango unagongwa. Nimemwambia asifungue, bomba nimebakiza kidogo tu.