Yaya wa Daraja la Kwanza

Jumatatu, 4 Januari 1926

Tumeng'oa nanga Bombay, kwenda Penang na kurudi, matembezi tu. Mimi, mke wangu Khorshed, binti yetu Hutoxi na Mama. Daraja la kwanza! Mimi, karani wa ghala la pamba! Mama ndiye aliyeuza bangili zake, lakini hilo si la kutangaza.

Wakili Nadirshah wa Karachi, Parsi mwenzetu, anakula meza ya nahodha. Nami nitakula hapo.

Jumanne, 5 Januari

Nimemwambia Wakili nina kiwanda. Ameamini. Mara Mama akaketi sitahani, miguu mitupu, anachovya mkate kwenye chupa ya achari. Wakili akauliza yule bibi ni nani.

Nikasema ni yaya wa Hutoxi.

Akasema watumishi wa zamani walikuwa waaminifu. Nikakubali. Nilikubali!

Alhamisi, 7 Januari

Wakili amemwomba "yaya" amshikie mwanawe, yeye acheze karata. Mama akamtazama, akanitazama mimi, akampakata mtoto saa tatu nzima.

Nimealikwa meza ya nahodha. Supu nimeiacha bakulini.

Ijumaa, 8 Januari. Kolombo

Mama kaniletea chai mbele ya Wakili. Akasimama kando, kichwa chini.

"Bwana mkubwa, nikuongezee sukari?"

Sauti ile ile iliyonibembeleza nilipougua surua. Nilitamani bahari inimeze. Khorshed hasemi nami, ila kanikumbusha kwamba bangili zile Mama alivishwa siku ya arusi yake.

Nimekwenda chumbani kwa Mama, nikapiga magoti, nikalia.

"Inuka, unachafua suruali," akasema. "Atakayeifua ni yaya."

Jumatatu, 11 Januari

Leo nimeungama. Nimemwambia Wakili yule ni mama yangu mzazi. Akasawajika, maskini, akikumbuka zile saa tatu. Akauliza kwa nini basi nilimficha.

Hapo ilinipasa kunyamaza. Nikasema ni mjane wa jaji, anasafiri kwa siri.

Wakili kakimbia kumwomba radhi. Kamsihi kesho, mezani kwa nahodha, awasimulie kesi kubwa za marehemu. Mama kaja kuniuliza baba yangu, mwoka mikate, aliwahi kumhukumu nani.

Nimemwomba asiwe na wasiwasi. Kesi mbili nimeshazitunga. Ya pili ina tembo.