Mapokezi Rasmi ya Korongo

Kwa mujibu wa kumbukumbu namba ON/7/53, Ofisi ya Ndege Wapitao, Mpanda, iliwatangazia kwa furaha watu wote wa Kasansa kwamba korongo wa Ulaya, waliokuwa njiani wakikimbia baridi ya kwao, mwaka huu watapokelewa na serikali yenyewe na kupigwa picha. Mpaka picha zipatikane, mwananchi yeyote asiinue jembe, asipige kelele, wala asipige chafya kwa makusudi ndani ya hatua mia nne kutoka alipo korongo.

Tangazo hilo lilipigwa taipu na karani Cleophas, nakala sita, bila kosa hata moja. Cleophas alikuwa na kaptula mbili zilizonyooshwa kwa pasi na mkubwa mmoja, Mwingereza mrefu ambaye watu walimwita Bwana Ndege, kama yule wa kilimo alivyoitwa Bwana Shamba. Vyote vitatu alivitunza vizuri.

Tatizo lilikuwa dogo, nalo lilikuwa shangazi yake. Shamba walilolipenda korongo lilikuwa la Kasilda, dada wa baba yake, mjane aliyemlea Cleophas kwa mahindi ya shamba lilelile. Mvua ya kwanza ilikwisha kunyesha. Kasilda alikuwa amepika pombe ya kulimia, mitungi minne, na kualika majirani Jumatano kama ilivyo desturi: ukinywa pombe ya mwenye shamba unapimiwa ngwe yako, na huondoki mpaka uimalize. Tangazo likafika Jumanne.

"Cleophas baba," Kasilda alimwambia, "pombe ikichacha haingoji serikali. Na mvua vilevile. Nisipopanda wiki hii, Februari tutakula nini? Hizo picha?"

Cleophas alimjibu kwa upole kwamba hoja yake itaandikwa, na kweli akaiandika, akaitia kwenye jalada la Mambo Yasiyo ya Haraka. Lakini njaa ya Februari aliijua tangu utotoni, na ilimuuma kuona kwamba mwaka huu ingekuja na mhuri aliougonga yeye.

Jumatano Bwana Ndege alijificha ndani ya hema la rangi ya majani, kamera yake ya miguu mitatu imechomoza mdomo. Shamba lilikuwa tupu na kimya kwa heshima ya wageni. Korongo arobaini wakatua, wakatembea hatua chache, wakatazamana, wakaruka ng'ambo ya kijito kwa mzee Ponsian, ambako watu walikuwa wakilima. Cleophas akaandika kwamba wageni wamehama bila kibali. Alasiri tangazo likaongezwa urefu, likavuka kijito. Ponsian akaweka jembe chini, korongo wakaondoka na huko. Alhamisi tangazo lilikuwa limefika mpaka kijiji cha Mamba. Hapakuwa na jembe lililoinuliwa wala korongo aliyeonekana, na ripoti ya siku hiyo ilisema utulivu ni kamili.

Ndipo Kasilda akaja mpaka mlangoni mwa hema, akaomba kusikilizwa.

"Mwambie bwana wako korongo hawakutoka kwao waje kutazamwa. Wamekuja kula. Jembe likigeuza udongo, funza wanatoka, korongo anamfuata mlimaji nyuma. Hakuna jembe, hakuna korongo. Hata mtoto mchanga anajua."

Cleophas akatafsiri yote, isipokuwa mtoto mchanga.

Bwana Ndege akafikiri sana. Kulifuta tangazo kulihitaji saini ya Tabora, na saini ya Tabora ilipanda treni, siku ishirini kwenda na kurudi. Korongo hawana subira ya namna hiyo. Hapo Cleophas, kwa mara ya kwanza maishani, akafanya jambo ambalo hakuagizwa. Alikohoa.

"Bwana," akasema, "tangazo linamkataza mwananchi. Afisa halikumtaja."

Basi Ijumaa asubuhi ofisi nzima ikalima: Bwana Ndege, Cleophas, dereva Anselmo na askari wawili. Kwanza Kasilda aliwapa pombe, maana hakuna mwenye adabu anayelimisha watu koo kavu. Bwana Ndege akaisifu, akaomba kibuyu cha pili. Kisha Kasilda akapima ngwe kwa kamba. Ya Bwana Ndege ilizidi kidogo, kwa kuwa ndiye mrefu na ndiye aliyekunywa zaidi.

Saa tano korongo sitini walikuwa wakitembea nyuma yao. Bwana Ndege akatupa jembe akakimbilia kamera, korongo wakaruka. Akarudi kwenye jembe, wakarudi. Baada ya mara tatu ikaamuliwa kwamba Kasilda akae ndani ya hema, kwenye kiti cha turubai, abonyeze kitufe kila Cleophas atakapopunga kofia. Alibonyeza vizuri sana. Saa nane Bwana Ndege akatangaza kuwa picha zinatosha, akamwita dereva.

"Bwana wako amekunywa?" Kasilda aliuliza kutoka kitini.

"Amekunywa, shangazi."

"Ngwe imekwisha?"

"Bado."

"Basi mweleze."

Cleophas akamweleza, kwa Kiingereza cha ofisini, kwamba kifungu cha pombe hakina rufaa. Bwana Ndege akalima mpaka jioni, na Jumamosi tena. Nyuma ya korongo walifuata mabinti wa Kasilda wakipanda mahindi kwa vijiti, ambavyo tangazo halikuvitaja. Mikono ya Cleophas ilijaa malengelenge, naye alifurahi kuliko siku aliyoajiriwa. Hilo hakuliandika popote.

Picha zikapelekwa Tabora, makao ya jimbo, na baada ya wiki tatu jibu likaja. Korongo wanaonekana, hongereni. Hata hivyo, Bwana Shamba wa jimbo ameichunguza picha kwa kioo cha kukuzia, akabaini kwamba mlimaji mmoja mrefu, upande wa kushoto, mwenye tope mpaka kofiani, analima sesa, yaani tambarare bila matuta, kinyume cha sheria ya kuzuia mmomonyoko. Mtu huyo akamatwe, arudishwe shambani, ainue matuta siku tatu chini ya usimamizi wa mwenye shamba. Fomu na picha vimeambatanishwa.

Bwana Ndege akaisoma mara mbili. Akauliza kama haiwezekani kuwa ni mtu mwingine. Cleophas akaiinamia picha kwa muda wa kutosha, akasema kwa masikitiko kwamba ile ngwe anaikumbuka.

Bwana Ndege akatia saini mahali pa mkamataji. Akageuza karatasi, akaanza kutia saini mahali pa mkamatwa. Cleophas akamzuia kwa adabu, akamsogezea kidau cha wino.

"Hapo, bwana, serikali inataka dole gumba."