Godauni ya Uthiru

Jumatatu, 6 Machi 2006
Nimeamka tajiri! Jana pale Kenyatta Market, nikitafuna mbavu, nilisikia mabwana wawili wenye tai wakilalamika: Industrial Area haiingiliki tena, foleni tupu, na sasa kampuni zinatafuta godauni za kuwekea bidhaa upande huu wetu wa magharibi. Nami nina nini hapa Uthiru? Banda la kuku! Refu, mabati safi, lori linafika mpaka mlangoni. Mke wangu Mwihaki akauliza kuku wake watakaa wapi. Wako sebuleni.

Jumatano, 8 Machi
Nimepiga banda rangi. Mlangoni nimeandika GODAUNI, herufi kubwa kubwa. Jirani yangu Muasya, anayeringa kwa sababu ya geti lake la chuma, aliuliza kama kuku wataanza kulipa kodi. Mwache acheke! Nimempigia simu Janice, wa kampuni moja ya vigae kule Westlands. Atakuja kuona Jumatatu. Mwihaki naye kasema Jumatatu ikifika kuku hawajatoka sebuleni, nitatoka mimi. Jogoo amekalia kiti changu na hataki mazungumzo.

Jumapili, 12 Machi
Harambee kanisani. Ploti tulikopiga hema la ibada imeuzwa, panajengwa fleti, na sasa kanisa linatafuta pa kuhamia. Nilienda na nia ya kutoa kidogo na kunyamaza. Muasya akasimama, akaahidi viti vya kanisa zima. Makofi ya kilo! Kisha akageuka akanitazama. Jamani, hata mimi nina damu. Nikasimama, nikausikia mdomo wangu ukisema ninatoa godauni.

Vigelegele! Akina mama wakanibeba juu juu. Sijawahi kupendwa hivyo tangu nizaliwe. Mchungaji Joash akasema tusingoje. Tukaandamana tukiimba hadi kwangu, akaupaka mlango mafuta, akaiweka godauni wakfu. Nilimvuta kando nikamweleza nilimaanisha wiki moja tu. Akasema cha Bwana hakirudishwi. Mwihaki aliimba kuwashinda wote, halafu akaninong'oneza kwamba kesho ni Jumatatu.

Jumatatu, 13 Machi
Janice amekuja. Amekuta kwaya ikifanya mazoezi na Muasya akipanga viti. Akasifu urefu, akasifu barabara, akauliza kanisa linahama lini. Akina mama wote wakanigeukia wakitabasamu. Ningefanyaje? Nikasema halihami. Akacheka mpaka akafuta machozi, akaenda zake. Nimerudi nyumbani nikakuta nguo zangu nje kwenye gunia. Ala! Kuku ndani, mimi nje!

Jumanne, 14 Machi
Nimelala kanisani, juu ya viti vya Muasya. Usingizi mtamu ajabu. Alfajiri kwaya imeniletea chai na mandazi. Mungu ni mwema!

Tena nimekumbuka neno la Janice akiingia garini: siku hizi hata nyumba za watu zinageuzwa ofisi, Upper Hill hakukaliki tena. Kumbe! Nyumba yetu ina sebule pana na vyumba vitatu, na mpangaji mwenye hadhi hakosekani. Mpango wote uko tayari kichwani. Kimebaki kitu kimoja kidogo, kumwambia Mwihaki ahame.