Makosa Matano kwa Mwezi

Kwa furaha kubwa, na baada ya vikao kumi na viwili, Idara ya Usalama wa Dawa ilitangaza kwamba zama za kuficha makosa zimekwisha. Utafiti ulikuwa umebaini kuwa duka la dawa lisiloripoti kosa lolote lazima linaficha makosa. Kwa hiyo kila duka litaripoti makosa matano kwa mwezi. Si manne, si sita. Yakipungua, kufuli mlangoni.

Waraka ulimkuta Bi Miwani, mfamasia wa mtaa wa sokoni, akihesabu vidonge. Kwa miaka ishirini na mitatu mwanamke huyu hakuwahi kumpa mtu dawa bila kumhoji kwanza, hata mteja awe na haraka ya namna gani. Watu walimlalamikia sana, tena kwa afya njema.

Sasa maji yalimfika shingoni. Mwezi umebakiza siku mbili, naye hana kosa hata la dawa.

"Kopa kwa jirani," mkaguzi wa Idara, mtu mwenye tai fupi na roho ya huruma, alimshauri. "Duka la pili wana ziada. Jana tu mteja wao amekunywa dawa ya macho."

"Nikakope uzembe wa watu?"

"Si uzembe, mama. Ni takwimu."

Bi Miwani alijaribu kubandika lebo isiyo sahihi kwenye chupa moja, apate walau kosa la kuanzia. Mkono ukagoma. Akaibandua.

Siku ya mwisho, saa nne asubuhi, akaingia mama mmoja mzee, anachechemea, cheti cha dawa mkononi. Kilikuwa na saini ya Mkurugenzi wa Idara mwenyewe, daktari ambaye siku hizi alitibu jamaa zake na marafiki wao tu.

"Huyo ni mkwe wangu," mama akasema kwa fahari. "Kamwoa binti yangu mkubwa. Nipe haraka, magoti yananiua."

"Shikamoo, mama. Kuna dawa nyingine unayotumia?"

"Marahaba. Ipo ya kuzuia damu isigande. Nilipewa hospitali, tangu mwaka juzi."

Bi Miwani akakisoma cheti upya. Dawa kali ya maumivu, tena mara mbili ya kipimo. Ikikutana na ile ya damu, tumbo lingeweza kuvuja kimyakimya mpaka mama asiumwe tena magoti wala kitu kingine chochote. Akampigia Mkurugenzi simu na kuiweka kwenye spika.

"Toa kama ilivyoandikwa," Mkurugenzi akajibu. "Niko kwenye kikao cha usalama wa dawa."

"Mheshimiwa, mgonjwa anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda."

"Mgonjwa gani?"

"Mama mkwe wako. Yuko hapa, anakusikia."

Mkurugenzi akakohoa. Kikao kizima kikakohoa naye.

"Baba," mama akainamia simu, "ulitaka kuniponya au kunizika?"

Bi Miwani akampa dawa nyepesi isiyogombana na ile ya damu, na barua ya kupeleka hospitali. Kisha, kwa kuwa waraka haukusema kosa liwe la nani, akajaza fomu. Kosa: la kwanza. Mkosaji: Mkurugenzi.

"Bado manne," akaguna.

"Manne tu?" Mama akacheka. "Mwanangu, huyu anawaandikia wenzangu wote wa kikundi cha mazoezi! Ngoja niwaite."

Wakaja wanne, mmoja mmoja, na vyeti vyao. Wa kwanza kaandikiwa dawa ileile kwa majina mawili. Wa pili, dawa ya presha ya mumewe. Bi Miwani akahoji, akapiga simu, akarekebisha, akajaza. Kufika saa kumi, matano yametimia na hakuna aliyedhurika.

Mwisho wa mwaka akapewa tuzo. Nchi nzima, lake ndilo duka pekee ambalo makosa yake yalithibitika kuwa ya kweli, tena bila kumdhuru mtu. Na kwa kanuni aliyoitia saini yeye mwenyewe, Mkurugenzi alipaswa kuyasoma hadharani, na jina la mkosaji.

Akasoma la kwanza kwa sauti ya mbu.

"Hatusikii, baba!" mama mkwe akapaza sauti kutoka safu ya mbele, wenzake wanne wakiwa ubavuni. "Rudia! Hasa hapo kwenye jina."