Mota Iliyoinua Mfuko wa Saruji

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji amekuja na baiskeli yake ya umeme. Ni kaka wa mke wangu, muuza vifaa. Namwita Bwana Dhamana, kwa sababu kila anachouza kina dhamana, na kila anachosema anadhani kinayo pia. Mota yake imekaa katikati ya gurudumu la nyuma, nene kama sufuria. Akamwambia dada yake atamfungia kama hiyo, bure. Bure! Mbele yangu mimi, fundi winchi, niliyenyanyua injini za malori!

Nikasema mota ya kweli inakaa kwenye pedeli na kuvuta mnyororo, na hiyo nitaitengeneza mimi. Mke wangu akauliza kama nina uhakika. Yeye ni mkunga. Kituo chake kiko juu ya mlima, magoti yake yamechoka, na jirani yetu wa mlango wa pili anakaribia kujifungua. Mimba mbili za huyo jirani ziliharibika. Mke wangu amemwahidi kwamba mikono ya kwanza kumpokea mtoto itakuwa yake. Nikasema nina uhakika. Shemeji akatabasamu. Tabasamu lile limeninyima raha kutwa nzima.

Mke ameweka sharti moja: fremu isiguswe. Baiskeli anayokwenda nayo kazini ilikuwa ya marehemu baba yake.

Jumatano, 5 Machi
Mota nimeitoa kwenye drili kuukuu. Inaenea kiganjani. Inazunguka kwa mbio za wazimu, lakini ukiibana kwa vidole inasimama. Dawa yake ni gia. Ndogo inazungusha kubwa, na kila hatua mbio zinapungua, nguvu inaongezeka. Shemeji alipita kuchungulia. Akasema kwa baiskeli hatua mbili zinatosha. Nani kamuuliza? Nimeweka nne. Zote ndani ya kopo la maziwa ya unga!

Jaribio: nimefunga kamba, kwenye kamba nimefunga mfuko wa saruji. Ukapanda mpaka darini bila kutetemeka. Machozi yalinilengalenga. Mke wangu alipita na nguo alizoanua, akauliza mbona unapanda taratibu hivyo. Nikamwambia nguvu haina haraka. Akautazama mfuko, akanitazama mimi, akaenda zake.

Ijumaa, 7 Machi
Kopo haliingii. Linagonga bomba la fremu, upana wa kidole tu. Nimelisukuma, nimelibembeleza, nimelitukana. Ningeweza kupunguza hatua moja ya gia. Lakini hapo Bwana Dhamana angekuwa amesema kweli, au karibu na kweli, na hilo silikubali.

Nimeenda kwa fundi wa kuchomelea. Akauliza baiskeli ni ya nani. Nikasema yangu. Akaonya kwamba bomba hili likikatwa halitakuwa lile tena. Nikamwambia akate. Msumeno haujafika katikati nikaanza kujuta. Baba mkwe alikuwa akiifuta baiskeli hii kwa shati lake la kazi, mke wangu hupenda kunihadithia. Nilikuwa na nafasi ya kusema acha. Nikamshikia bomba. Juu ya kiraka alichochomelea tumepaka rangi nyeusi. Hakionekani, ukisimama mbali.

Jumamosi, 8 Machi
Mke amefurahi! Amenishika shavu mbele ya kaka yake! Shemeji akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimeijaribu barabarani. Nikamwambia imeinua saruji. Akauliza tena. Nikamwambia chai yake inapoa.

Jumatatu, 10 Machi
Asubuhi simu imepigwa kutoka kituoni. Jirani alilazwa huko tangu jana, uchungu umemkaza, anamwita mke wangu. Shemeji akajitolea kumpakia kwenye baiskeli yake. Mke akamshukuru, akasema mume wake ameshamtengenezea ya kwake. Hayo maneno ninayasikia mpaka sasa.

Akabonyeza swichi. Baiskeli ikaondoka kwa nguvu za ajabu na mwendo wa konokono. Nilimfuata kwa miguu. Nikampita. Nikamsubiri kwenye kona. Akauliza, huku akiyumba, aongeze mwendo vipi. Nikamwambia apige pedeli. Hazipigiki! Nilizifunga moja kwa moja kwenye gia, kwa hiyo zinakwenda mwendo wa kopo. Winchi haina mtu wa kuipigia pedeli, sikuwaza kabisa. Bibi mwenye mkongojo akatupita, akatusalimu. Tukaitikia.

Katikati ya mlima mota haikushindwa. Fremu ndiyo iliyoshindwa. Kiraka kikafunguka, na mke wangu akaona pale palipokatwa. Aliilaza baiskeli ya baba yake kando ya barabara, polepole, kisha akaanza kukimbia kwa magoti yale.

Mtoto alizaliwa kabla mke wangu hajafika. Ni wa kike, mzima, na mama yake mzima. Aliyempokea ni muuguzi wa zamu.

Jumanne, 11 Machi
Mke hajafoka. Angefoka ningejua pa kuanzia. Amesema tu kwamba jirani alimwita mpaka mwisho, na kwamba sharti lilikuwa moja. Nimemwomba radhi jikoni, nikamwomba tena uani. Akasema amesikia. Najuta. Najuta msumeno, najuta saruji, najuta ule ujinga wa nguvu haina haraka. Nimeapa kwa sauti, mbele ya shemeji, kwamba sitagusa tena baiskeli ya mtu. Shemeji hakutabasamu hata kidogo, na hilo limeniuma zaidi.

Alhamisi, 13 Machi
Shemeji amemwazima dada yake baiskeli yake mpaka ile ya baba ipone. Leo mke amefika kazini mapema. Ametoka hapo akapita kumshika mtoto wa jirani, amerudi akiimba. Ameniwekea chakula. Ameniita mume wangu! Nilikaribia kulia.

Sasa anaoga. Baiskeli ya shemeji imeegemea ukuta wa karakana yangu. Nimeitazama tu. Nzuri, sikatai, ila mlimani mota yake inalalamika, na pale kwenye pedeli pako patupu kabisa. Nimekaa nikafikiri kwa unyenyekevu. Kosa langu lilikuwa hatua nne. Tatu zingetosha. Halafu fremu hii ni ya alumini, laini, wala haihitaji fundi wa kuchomelea. Nimeshamaliza kukata upande mmoja.