Ubao Unaopita Geti Letu

Jumatatu, 1 Aprili
Mama hujambo? Na kaka Dodong, na mkewe Perla, na watoto wao wote watano, na shangazi Iling na goti lake, hamjambo nyote? Huku Japani sisi wazima. Shajara sijui kuandika, najua barua tu. Basi naanza kama barua, ingawa siipeleki popote.

Leo tena! Jirani yetu Bi Kudo kapita na ubao wa matangazo kwapani. Geti letu kalipita mbio, moja kwa moja kwa Mzee Narita. Ubao huo, wenye karatasi zilizobanwa juu yake, huzunguka nyumba kumi na moja. Unasoma, unagonga muhuri, unampa jirani. Mama mkwe alipokuwa hai ulifika kwetu. Tangu tumzike, miaka miwili sasa, tunarukwa. Kama nyumba haina mtu! Mume wangu Shigeo anasema wananihurumia, herufi ngumu, eti mama Mio wewe pumzika tu. Nipumzike! Kwani ujirani una likizo?

Jumatano, 10 Aprili
Nimefagia getini tangu saa moja asubuhi. Vumbi likaisha, nikafagia changarawe. Bi Kudo akatokea. Nikamwambia naelekea kwa Mzee Narita, nimsaidie kubeba. Akainama. Nikainama. Akainama tena. Akanipa!

Jina letu limo kwenye orodha, kisanduku chake cha muhuri kitupu. Nimegonga muhuri wa mama mkwe. Nikagonga wa pili, kwa raha tu. Sitaupeleka mpaka niusome mwenyewe, kwa kitabu cha darasa la tatu cha mwanangu Mio. Mpaka jioni: mistari mitatu.

Ijumaa, 12 Aprili
Bado nasoma. Mio anataka kunisomea, eti mama, hapo pameandikwa haraka. Nimemwambia haraka ni ya wanaojua kusoma, akacheze. Kuna mstari mwekundu. Huo nimeuweka wa mwisho, kama kipande cha nyama.

Jumapili, 14 Aprili
Aibu! Mstari mwekundu: leo saa kumi na mbili asubuhi, kila nyumba itoe mtu wa kuzibua mfereji wa mashamba. Walikuja wawili tu, mwenyekiti wa mtaa na Bi Kudo, waliosoma kabla yangu. Nyumba zote za baada yangu zililala. Maji yakafunguliwa saa mbili, yakafurika, yakaingia ghalani kwa Mzee Narita.

Kaja na mabuti yake, kauliza kwa upole kama ubao umelala kwangu. Nikainama mpaka paji likagusa mkeka. Nimezunguka nyumba zote kuomba radhi. Kila mtu: hakuna neno, hakuna neno. Bora wangenitukana.

Nikachukua koleo, nikaingia mferejini peke yangu. Bi Kudo naye akashuka. Akaniuliza we mtu, kwa nini hukuuliza? Nikasema ningeuliza mngeniambia nipumzike. Akatupa tope koleo tatu. Halafu akasema mama mkwe wangu, mama yake Shigeo, naye hakujua kusoma. Alitolewa shule darasa la pili kulea wadogo zake. Yeye Bi Kudo ndiye aliyekuwa akija kumsomea ubao, kwa chai, miaka thelathini, na aliapishwa asimwambie mtu. Hata Shigeo hajui. Baada ya mazishi mkono wake ulikataa kugusa geti letu. Si huruma kwangu. Ni kumkumbuka rafiki yake.

Nimelia ndani ya mabuti ya Shigeo. Na mimi nilikuwa namwogopa yule mama kwa elimu yake!

Jumatano, 24 Aprili
Bi Kudo kafungua geti. Kaingia na ubao, kakaa mahali pa mama mkwe, kanisomea ukurasa wa kwanza polepole, kidole mstari kwa mstari. Mistari minne nilikuwa naijua. Nikajifanya siijui. Chai vikombe vitatu, na figili za chumvi. Kacheka mara mbili.

Alipokwenda chooni nimechomoa ukurasa wa pili, nikauficha chini ya mto wa kukalia. Lazima kesho arudi kuutafuta. Una mstari mwekundu, lakini mwekundu nao unaweza kungoja siku moja.

Mama, nijibu upesi: ile keki yako ya muhogo, nazi unaweka kiasi gani? Mgeni anakuja.